Mama Yake Fibi Alirudi

Akiru, mwanangu,

Najua neno hilo litakuchekesha. Mimi nina miaka kumi na tisa, wewe kumi, na hata wewe usiyependa hesabu utaona haiwezekani. Lakini nilikubeba mgongoni mpaka miguu yako ikaanza kugonga magoti yangu, na mpaka ulipofika miaka minne ulikuwa ukiniita Mama mbele ya watu, nami sikukukataza. Nilipenda. Kwa hivyo niruhusu nilitumie leo. Kuanzia kesho kuna mtu mwenye haki nalo kuliko mimi.

Naandika nikiwa kitandani na mlango nimeurudisha. Wewe uko nje, umekaa katikati ya magoti ya Mama Halima, unasukwa. Nasikia ukilia, "Unanivuta! Unanivuta!" Naye anakujibu, "Nyamaza, wewe. Kichwa ya kwenda Nakuru lazima iwe na mistari nyoofu. Ama unataka waseme watu wa Isiolo hawana mikono?" Ndiyo kwanza ameanza, kwa hivyo nina muda. Uso kwa uso nisingeweza. Unanijua. Hata dukani nikienda kununua mkate mimi huonyesha kwa kidole.

Mambo ya mswaki, ya sare, ya kutoazima watu viatu, Ata amekuambia tangu Jumatatu; nyanya yetu huyo hachoki kurudia. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba zaidi ya miaka miwili, na lazima ulijue kabla hujapanda gari na Ata kesho asubuhi kwenda kuishi na Mama.

Ni kuhusu kile kitabu chetu cha kijani. Mwisho niliokusomea si mwisho wake. Niliutunga mimi. Mama yake Fibi hakufa barabarani, Akiru. Kwenye kitabu alirudi. Alitembea mpaka mlangoni akabisha. Mimi ndiye niliyemuua, nikiwa na miaka kumi na sita, hapo nje kwenye veranda, saa nane mchana, wewe umeegemea goti langu.

Wacha nianze nyuma kidogo, ili unielewe kabla hujanikasirikia.

Kitabu chenyewe nilikipata nikiwa kidato cha pili. Shule ilikuwa imeletewa masanduku ya vitabu vya msaada, na chini kabisa ya sanduku moja kulikuwa na vitabu vinene vya majalada ya kijani, herufi zake ndogo zimebanana kama mbuzi zizini. Mwalimu wa maktaba aliviweka kando. "Hizi ni riwaya za Kivictoria," aliniambia, "za enzi ya yule malkia wa Waingereza aliyevaa nguo nyeusi miaka na miaka baada ya mume wake kufa. Hapa hakuna mtu atazisoma. Chukua moja kama unataka, ama mchwa watachukua zote." Alinitazama akingoja jibu. Kubeba kitabu kulikuwa rahisi kuliko kuongea, nikabeba.

Sentensi ya kwanza ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Niliingia nikapotea, nikarudi mwanzo kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani. Nilidhani shida ni Kiingereza changu. Nikajaribu tena siku ya pili, na ya tatu, na hiyo ya tatu nikagundua kwamba sentensi zile hazitaki mbio. Ni kama ngamia wakishuka kunywa maji. Ukikimbia kuwahesabu utachanganyikiwa, lakini ukikaa pembeni ukangoja, watapita wote mbele yako, mmoja mmoja, hata yule mwenye kidonda anayefuata nyuma. Na ukifika kwenye nukta unakuta umeona kundi lote.

Na kuna kitu kingine ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Mwandishi wa kitabu kile alikuwa anasimamisha hadithi yake katikati, anageuka, anasema na msomaji. Anamuuliza: wewe ungekuwa mahali pake ungefanya nini? Akiru, mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, na hakuna mtu mzima aliyewahi kunyamaza ili anisikilize mimi naonaje. Darasani nikiulizwa swali nilikuwa naangalia meza mpaka mwalimu achoke. Na huyu, mtu aliyekufa zamani, ambaye hata Isiolo hajui iko wapi, ananiuliza, halafu anangoja. Nilikuwa namjibu. Kimoyomoyo, lakini nilikuwa namjibu.

Sasa, wakati huo Mama alikuwa Uarabuni mwaka wa nne. Alienda kufanya kazi za nyumba ukiwa na miaka mitatu. Humkumbuki akiondoka, na mimi namkumbuka sana, kwa hivyo hatukuwa na mama mmoja, mimi na wewe. Mwanzo alikuwa anapiga simu kila Ijumaa kwa simu ya Ata. Halafu Ijumaa moja hakupiga. Ya pili hakupiga. Tukajaribu namba yake, haipatikani. Wewe ulikuwa unauliza, "Leo si Ijumaa?" na Ata anasema, "Ni Ijumaa, lakini mtandao iko mbaya." Mtandao ulikuwa mbaya mwaka mzima na zaidi.

Ndipo nikaanza kukusomea. Kiingereza chako kilikuwa cha salamu na majina ya rangi, kwa hivyo macho yangu yalikuwa yanasoma Kiingereza na mdomo unatoa Kiswahili. Unakumbuka jinsi ilivyoanza? Saa nane, jua limefukuza kila mtu ndani, sisi tumekaa kwenye veranda ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga na migongo yetu imeegemea ukuta, ule upande wenye kivuli. Ata alikuwa anafumba macho na kusema hasikilizi. Mama Halima alitoka chumba chake cha jirani na sinia ya maharagwe ya kuchambua. "Nakaa tu hapa kwa sababu ya upepo," akasema. Siku iliyofuata akaja kabla yetu.

Na hadithi yenyewe, nakurudishia kwa ufupi. Fibi ni msichana aliyeachwa na mama yake kwenye kinu cha kusaga ngano, kwa mzee mwenye kinu, tuliyemwita Mzee Kinu kwa sababu jina lake lilinishinda kutamka. Mama yake Fibi ameenda kuwa mtumishi katika jumba kubwa, mbali, kaskazini. Anaandika barua kila mwezi. Mzee Kinu anazipokea, hamwambii Fibi, anazifungia kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda. Fibi anadhani amesahauliwa.

Tulimchukia sana yule mzee! Mama Halima alikuwa anarusha maharagwe mabovu kila jina lake likitajwa. "Mwambie Fibi avunje hiyo sanduku na nyundo!"

"Mama Halima, hawezi kunisikia," nikamwambia.

"Basi soma na nguvu!"

Na wewe uliuliza theluji ni nini, nikakuamsha alfajiri, tukasimama nyuma ya choo, nikakuonyesha Mlima Kenya kabla mawingu hayajaufunika. "Ile nyeupe pale juu," nikakuambia. "Sasa fikiria imeshuka mpaka kwa tangi la maji." Ukaniuliza, "Punda wa maji watavaa nini?" Ukungu wa mji wao tukaufanya vumbi la mwezi wa nane, lile linalofanya usione mnara wa msikiti. Ile chai yao ya kila ukurasa Mama Halima alishindwa kuielewa. "Hawa watu wanakunywa chai, wanakunywa chai, na hakuna hata mmoja anaulizia mandazi."

Nakwambia ukweli, zile zilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Mwalimu alinieleza kwamba riwaya zile zamani zilitoka kipande kipande kwenye magazeti, kila mwezi kipande, na watu wakangoja mwezi mzima kujua mlango uliofunguliwa umeingiza nani. Nilielewa mara moja, kwa sababu ploti yetu ilikuwa hivyo hivyo. Nikifunga kitabu mahali pabaya mlikuwa mnanipigia kelele. Mimi, ambaye sikuwahi kupigiwa kelele na mtu akitaka niendelee kuongea! Mpaka Ata, asiyesikiliza, akawa anafungua jicho moja. "Na huyo mtoto wa kinu," anauliza, "amekula?"

Tulisoma miezi saba. Sura moja hapa, nusu sura pale. Na kadiri tulivyokaribia mwisho ndivyo ulivyozidi kuuliza. Mama yake Fibi atarudi? Na usingemaliza hapo. Ungecheza na uzi wa gauni lako, halafu: "Na wa kwetu?"

Mimi nilikuwa nimeshamaliza kusoma peke yangu. Nilijua anarudi. Na nilikuwa na hasira, Akiru. Watu wakimwona mtu mnyamavu wanadhani hana hasira. Anayo, ila haina mahali pa kutokea. Mwaka huo nilikuwa nafua nguo zako, nakupeleka zahanati ukiwa na malaria, nasaini karatasi zako za shule kwa jina la Ata kwa sababu Ata haandiki. Na usiku ukiota vibaya ulikuwa unalia "Mama," na nikikugusa unaniangalia usoni kama mtu aliyeletewa kitu ambacho hakukiagiza.

Siku ile nilifungua sura ya mwisho na sikuisoma. Niliweka macho kwenye ukurasa, mdomo ukaanza kusema vitu vyake. Nikasema mama yake Fibi hakuwa ameandika barua nyingi, zile chache ziliisha. Nikasema alipata maisha mengine kule kaskazini. Nikasema alipokumbuka mtoto wake kulikuwa kumechelewa, akaanza safari, akaanguka njiani kwenye theluji, na Fibi akabaki kwenye kinu na yule dada aliyekuwa anampikia, akaacha kungoja, na akawa na furaha.

Yule dada hayuko kwenye kitabu. Sijui kama uliwahi kujiuliza alitoka wapi.

Hukulia. Uliniuliza tu, "Aliacha kungoja?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Sawa," ukaenda kucheza. Na kuanzia siku hiyo hukuuliza tena kuhusu Ijumaa. Nilidhani nimekuponya. Nilijisifu kabisa, kama mtu aliyetoa mwiba.

Mama Halima alibaki amekaa na sinia yake. Wengine walipoondoka akaniambia, polepole, bila kuniangalia, "Ajuma, mimi sijui kusoma. Lakini miezi hii yote nimekuangalia ukisoma. Macho yako yanatembea, hivi, hivi, kama mtu anashona. Leo macho yako yalisimama."

Nikakifunga kitabu.

"Na hukugeuza karatasi," akasema. "Hadithi refu hivyo, karatasi moja?" Akainuka, akakung'uta maganda kwenye dera lake. "Ni maneno yako na mdogo wako. Mimi nimekaa tu hapa kwa sababu ya upepo."

Hajawahi kulitaja tena mpaka leo. Mtu asiyejua kusoma ndiye peke yake aliyejua sikuwa nasoma. Kitabu kile kilikuwa na mlango mmoja tu kwenye ploti nzima, na mlango huo ulikuwa mimi. Nilipoufunga, hakuna mtu angeweza kuingia kuangalia.

Kuna mengine. Nayaandika haraka, kalamu isije ikakataa.

Miezi michache baadaye simu ya Ata ililia nikiwa nayo. Namba ndefu, ya nje. Ilikuwa sauti ya Mama, nyembamba, kama mtu anayeongea akiwa amejificha. Akasema, "Ajuma? Ni wewe? Nipe Akiru." Wewe ulikuwa hapo nje unamwosha mwana-mbuzi wa jirani kwa sabuni yangu. Nikasema, "Amelala."

"Saa kumi?"

"Amechoka na shule."

Alipiga tena, nikasema umeenda kanisani. Mara ya tatu hakukuulizia, aliuliza kitu kingine. "Huwa ananitaja?" Nikasema hapana. Huo ulikuwa ukweli, na ndio uliokuwa mbaya kuliko ule uongo mwingine, kwa sababu ni mimi niliyeutengeneza. Baada ya hapo akawa anaongea na Ata tu. Ata akikuita uje kwa simu ulikuwa unatikisa kichwa na kukimbia, na Ata anasema ni haya. "Ameambukizwa na Ajuma," anasema, na watu wanacheka.

Halafu ikaja Agosti iliyopita. Mama alikuwa amerudi nchini, amepata kazi ya upishi katika shule moja Nakuru, na shule zilipofungwa akaja. Sikujua atakuja siku ile. Nilikuwa hapa ndani nasoma, wewe umekaa sakafuni unabandua rangi ya kucha. Mlango ulikuwa wazi. Akasimama pale na mkoba mmoja mkononi. Amekonda. Nilimtambua kwa namna anavyosimama, uzito wote mguu mmoja.

"Akiru," akasema. "Umekuwa mrefu."

Ukamwangalia kutoka chini mpaka juu. Hukuwa na hasira, hilo ndilo linalonitisha hata leo. Ulisema tu, kama mtu anayesahihisha daftari, "Mama yake Fibi hakurudi."

Mama akageuka kwangu. "Fibi ni nani?"

Nami nikasema, "Ni mtoto wa shule yao."

Alikaa siku mbili. Alilala kwenye godoro la Ata. Alikuletea gauni la njano, ukalikunja vizuri ukaliweka juu ya sanduku, hukulivaa. Siku ya pili, wewe ukiwa shimoni unachota mchanga na watoto wa Mama Halima, nilimsikia akimweleza Ata kwa Kiturkana, nyuma ya pazia. Mwajiri wake alichukua simu yake na pasipoti yake, akavifungia kwenye droo. Zaidi ya mwaka. Alikuwa anaiona ile droo kila siku akifagia. "Nilikuwa nasikia ikiita mle ndani," alisema, "mpaka moto wa betri ukaisha."

Nilikaa pale na pazia limegusa pua yangu. Barua kwenye sanduku la chuma. Simu kwenye droo. Na halafu, Akiru, simu nyingine, mkononi mwa mtu mwingine, anasema amelala.

Mama alipoondoka nilichukua kitabu nikakisoma tena, mara ya tatu, kutoka ukurasa wa kwanza. Sikuwa natafuta raha, nilitaka kuadhibiwa. Lakini ndivyo vitabu vile vilivyo, vinakupa unachohitaji ukiwa umejia kitu kingine. Mara ya kwanza nilikuwa nimekimbilia Fibi. Mara ya pili, nikikusomea, nilikuwa naruka sura zote ambazo Fibi hayumo, kwa sababu mlikuwa mnapiga miayo. Kumbe kuna sura nzima ya Mzee Kinu peke yake. Niliiruka! Anaumwa jino. Amekaa jikoni amefunga taya kwa kitambaa, hawezi kulala, na anasikia Fibi akicheka usingizini chumba cha pili. Na mwandishi anatuambia, bila kumtetea, kwamba nyumba ile haikuwa imesikia kicheko tangu mke wa mzee afe. Kila barua iliyofika ilikuwa mtu anakuja kuchukua kile kicheko. Kwa hivyo akafungia barua.

Nililia, mtu mzima, juu ya jino la mzee wa kinu.

Wewe sasa unasoma Kiingereza kuliko nilivyosoma mimi umri wako. Utakutana na vitabu hivi, na wenzako watakuambia ni virefu, ni vya zamani, vimejaa mvua na harusi. Ni kweli. Lakini mimi nitakuambia kwa nini bado navirudia. Vina nafasi. Mwandishi ana kurasa mia sita, kwa hivyo hana haraka ya kumhukumu mtu. Yule unayemchukia sura ya nne, anakuja kukaa karibu nawe sura ya thelathini, anaumwa jino, na unagundua unamfahamu. Na ukisoma tena baada ya miaka mitatu kitabu ni kile kile, lakini wewe umehama kiti. Mimi nilianza nikiwa Fibi. Sasa hivi mimi ni Mzee Kinu. Nangoja kuona nitakuwa nani nikiwa na umri wa Ata.

Na mimi nilichofanya ni kuchukua kitabu chenye nafasi yote hiyo nikamfanya mama mmoja awe na uso mmoja tu. Nilimpa karatasi moja. Hata kugeuza sikugeuza.

Ata alipoamua kwamba uende, nilibishana naye, na unajua mimi huwa sibishani. Nilisema Isiolo kuna shule. Nilisema Nakuru kuna baridi. Ata akaniacha nimalize, akasema, "Mtoto iko na mama. Umelea vizuri, hakuna mtu amekataa. Sasa achilia." Nikasema basi nitakusindikiza mimi. Akasema, "Wewe hapana. Ukienda atarudi na wewe. Na wewe unajua, ndiyo maana unataka." Yule mama mzee anasoma watu bila miwani.

Sijui kama Mama ni mtu mwema. Hilo sitakuahidi. Mimi mwenyewe sijamaliza kumkasirikia, na sitajifanya nimemaliza kwa sababu naandika barua. Anaweza kuwa mkali. Anaweza asijue kwamba hupendi kuguswa masikio. Ninachojua ni kwamba umejaa hofu yake na hofu hiyo si yako, ni mali yangu, niliiweka kwako ukiwa huwezi kusoma kuona kama imeandikwa. Naichukua. Ukitaka kumkataa, mkatae kwa sababu utakazoziona kwa macho yako mwenyewe.

Kitabu nimekiweka chini ya begi lako, nimekizungushia lile gauni la njano. Kwenye sura ya mwisho nimeweka uzi mwekundu. Isome mwenyewe. Halafu, ukiwa tayari, hata kama ni mwaka ujao, msomee Mama kwa Kiswahili, kama tulivyokuwa tunafanya. Kiingereza chake ni cha kuamrishwa tu, leta maji, osha hapa. Hajui kwamba lugha hiyo hiyo inaweza kukuuliza unaonaje. Na macho yako yatembee.

Lakini sitaki ungoje mpaka Nakuru, kwa hivyo hapa nakuandikia jinsi kinavyoisha kweli. Nimegeuza karatasi zote.

Mvua inanyesha, na si ya kishujaa, ni ile ya manyunyu ya kuudhi. Mama yake Fibi anashuka njia ya kinu kwa miguu. Amezeeka kuliko miaka aliyokaa. Mzee Kinu anamwona kupitia dirishani, na anajua ni nani, na haendi kufungua. Hazuii pia. Anakaa tu, mikono juu ya meza. Yule mama anabisha. Fibi ndiye anayefungua. Kwenye kitabu hakuna kukumbatiana, Akiru. Niligeuza nikatafuta, nikidhani nimeruka. Fibi anamwangalia muda mrefu, na msomaji anajua kwamba hamtambui, au anamtambua na hajaamua. Halafu anaangalia chini, anasema, "Viatu vyako vimelowa." Anaenda jikoni, anarudi na kiti, anakiweka karibu na moto.

Basi. Hamwiti mama. Kitabu kinaisha kabla hajamwita. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilikasirika nikaona mwandishi amechoka. Sasa naona hakuchoka.

Kwa hivyo kesho hulazimiki kumwita jina lolote. Hulazimiki kumkumbatia.

Nina la mwisho, halafu naacha, kwa sababu Mama Halima ameanza kukusifu, maana yake amefika upande wa mwisho. Ile siku ya Agosti, Mama aliposimama mlangoni na mkoba wake. Alisimama muda mrefu. Wewe ulikuwa sakafuni, Ata alikuwa bombani, na chumba chetu, unajua, kina kiti kimoja. Mimi nilikuwa nimekikalia. Nilikuwa na kitabu mapajani, kile kile, nimekisoma mara mbili, najua mwisho wake neno kwa neno, na sikuinuka.

Ukifika, angalia kama kuna kiti. Kama kipo, mpe. Mwambie kimetoka kwa Ajuma.

Wako,
Ajuma